Mgeni akiuliza jani

Meseji iliingia saa nne kasoro usiku, nimeshavua viatu, chai ya tangawizi iko mezani na mwanangu kalala kwenye kochi na daftari la hesabu juu ya tumbo. Ilikuwa wasap ya kazini, kampuni ya kupandisha watalii mlimani hapa Moshi. Mume na mke wa Colorado, Marekani, tulikuwa tunaandikiana karibu mwezi mzima kuhusu kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku saba, alafu siku nne za safari Tarangire na Ngorongoro. Walishauliza chanjo, walishauliza viatu, walishauliza choo cha kambini kikoje. Sasa hili la mwisho, wakasema, ndo litawasaidia kuamua kati ya sisi na nchi nyingine mbili walizokuwa wanazipima.

Waliuliza kama Tanzania ni nchi ya 420.

Nilidhani ni namba ya fomu ya viza, nikatafuta, sikuiona. Nikampigia binamu yangu wa Arusha anayeendesha magari ya watalii. Akacheka kwanza. "Dada, hao wanaulizia jani." Akanieleza kwamba kuna vijana wa shule moja huko California mwaka 1971 walikuwa wanakutana 4:20 jioni kwenda kuvuta, saa ya wazungu hiyo, kwetu ni saa kumi na dakika ishirini, basi ile namba ikawa lugha yao ya siri, na siku hizi siri imeisha kabisa, mtu anamuuliza mwenye hoteli hivohivo anavyouliza kama kuna maji ya moto.

Nilijibu kesho yake asubuhi, sentensi mbili. Kwamba bangi Tanzania ni kosa la jinai, kulima, kuuza, kubeba na kuvuta, na kwamba hatuwezi kuwasaidia kwa hilo.

Jibu lao ndo lililonikalia kichwani mpaka leo, wiki ya sita hii.

Waliandika kwa heshima tu, watu wazuri, sina ubaya nao. Walisema wameelewa, ila wamesoma mahali kwamba ukifika Moshi ukiwauliza wapagazi hukosi.

Wapagazi.

## Mimi ndo nilisema

Miaka miwili nyuma, mwezi wa saba, kipindi kile wageni wanashuka mlimani kila siku na ofisini hatulali, kundi la watu watano lilimaliza kupanda, wamepewa vyeti pale Mweka, wamecheza na vijana, tumewarudisha hotelini Moshi. Mimi nilikwenda kufunga hesabu za tipu. Mmoja wao akaniita pembeni kwenye bustani, akauliza kwa sauti ya chini kama naweza kuwapatia kidogo cha kusherehekea, ndege yao ni kesho yake usiku.

Nilikuwa nimechoka, nina bahasha tano mkononi, na nilitaka tu yule mtu afurahi kwa sababu ndo kazi yangu, mgeni afurahi, aandike maoni mazuri. Nikasema: "Ongea na vijana."

Maneno matatu.

Kijana aliyeongea naye nitamwita Dogo, maana wote pale walimwita hivo. Miaka ishirini na mbili, mtoto wa Uru, mama yake anauza ndizi soko la Mbuyuni. Alikuwa msimu wake wa pili kubeba mizigo, anadunduliza hela ya kwenda kusomea uongozaji wa watalii. Yule mgeni akampa dola hamsini na kumwambia chenji abaki nayo. Kwa mtu anayebeba kilo ishirini kichwani na mgongoni siku saba, chenji ya namna hiyo sio kitu cha kukikatalia, na mgeni alijua hilo alivyomchagua yeye.

Dogo hakuwa mvutaji. Hilo nalijua, na hata angekuwa mvutaji nisingebadilisha ninachotaka kusema. Aliuliza huku na huku, akapanda boda, akapata, na wakati anarudi wakasimamishwa njiani na polisi. Mzigo ulikuwa kwenye soksi.

Wageni walimsubiri hotelini mpaka saa tano usiku, wakaona haji, wakalala. Kesho yake jioni wakapelekwa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, wakaondoka. Dereva wetu aliyewapeleka alisema walimuuliza kama yule kijana ni mzima, na waliposikia amekamatwa mmoja alilia kidogo garini. Namba ya aliyempa hela ikawa haipatikani toka siku ile.

Dogo alikaa mahabusu siku kumi na moja. Kiasi kilikuwa kidogo, dhamana ikawezekana, lakini dhamana inataka watu wenye barua na vitambulisho, na nauli za kwenda mahakamani na kurudi, na wakili hata kama ni wa kuongea naye nusu saa. Mama yake aliuza mtamba. Kesi iliahirishwa na kuahirishwa miezi saba, ikaisha kwa faini.

Na ofisini bosi aliniambia, nadhani hata hakunyanyua macho, "huyo mtoe kwenye listi." Nikafungua listi ya wapagazi wa safari inayofuata, mstari wa kumi na nne, nikafuta jina. Sekunde moja, kidole kimoja.

Sikusema kwamba ni mimi niliyemwelekeza mgeni kwa vijana. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema.

Wiki kadhaa baadae maoni yakaja mtandaoni, nyota tano, wameandika kwamba vijana wetu wako tayari kukusaidia kwa lolote. Nilisoma nikafunga kompyuta.

## Ruhusa ya nani

Kwa hiyo ile meseji ya Colorado ilipokuja, nikaanza kusoma usiku. Nilitaka kuelewa hawa watu wanatoka wapi na wanaona nini wanapochagua nchi ya kwenda likizo. Maana hili sio swali la wahuni wawili watatu tena. Colorado walipiga kura Novemba 2012, maduka yakaanza kuuza rasmi tarehe 1 Januari 2014 kwa kila mwenye miaka 21 na kuendelea, na watu wakaanza kupanda ndege kwenda Denver kwa ajili hiyo tu, kuna mpaka mabasi ya kuwazungusha madukani na mashambani. Canada nchi nzima ikafungua Oktoba 17, 2018. Mtu aliyekulia kwenye hali hiyo, ananunua dukani na risiti anapewa na kodi analipa, akija kuniuliza haoni kama ananiuliza kitu cha ajabu. Hilo lilinifanya nipunguze hasira.

Lakini kadiri nilivyosoma nikaona kwamba neno "inaruhusiwa" linabeba vitu vingi mno, na mtalii anabeba kimoja tu.

Chukua Amsterdam, kila mtu anapaita mji wa bangi. Kumbe Uholanzi bangi haijahalalishwa kwa maana tunayodhani sisi. Toka sheria yao ya 1976 wanaivumilia, duka linaweza kukuuzia gramu tano na polisi hawakusumbui. Ila yule mwenye duka, huo mzigo anaoukuuzia anaupata wapi? Kwa miaka yote hiyo kulima na kumletea ilibaki ni kosa. Wenyewe wanaliita tatizo la mlango wa nyuma. Mlango wa mbele mgeni anaingia anachagua kwenye menyu kama anachagua juisi, mlango wa nyuma anaingia mtu ambaye akikamatwa anafungwa. Juzijuzi tu ndo wameanza majaribio ya wakulima wenye leseni kwa baadhi ya miji.

Nilisoma hiyo nikaweka simu chini.

Mlango wa nyuma. Dogo na soksi yake.

Baada ya hapo nikawa kila nchi nikiisoma natafuta mlango wake wa nyuma uko wapi. Afrika Kusini, wengi wanaandika kwamba Cape Town ni ruksa. Mahakama yao ya Katiba mwaka 2018 ilisema mtu mzima anaweza kulima na kutumia mwenyewe faraghani, sheria yenyewe ikasainiwa 2024. Kuuza bado ni kosa. Sasa mtalii ambaye hana shamba hapo na anaondoka wiki ijayo anaipata faraghani ipi? Lazima kuna mtu anamuuzia, na huyo mtu hakuguswa na ile ruhusa. Jamaika nako hivohivo, 2015 walipunguza makali, ukiwa na wakia mbili kushuka chini unaandikiwa faini ndogo, Marasta wakatambuliwa kwenye ibada yao, na mgeni mwenye cheti cha daktari anaweza kupewa kibali. Yule kijana wa ufukweni anayemfuata mgeni na kifurushi cha gazeti hana kibali cha kumuuzia mtu.

Uruguay nimewaheshimu. Wao ndo wa kwanza duniani kuhalalisha nchi nzima, Desemba 2013, famasi zikaanza kuuza 2017, lakini waliandika wazi kwamba ni kwa raia na wakazi waliojiandikisha. Mgeni hauziwi. Walikaa wakafikiri nchi yao itakuwaje watu wakianza kuja kwa ajili hiyo, wakaamua kabla.

Thailand hawakuamua kabla, na hii ndo iliniumiza kuisoma maana nchi inayotegemea watalii naifahamu kwa mwili wangu. Juni 9, 2022 wakaitoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya, na sheria ya kuisimamia ikawa haijapita bungeni, haijawahi kupita. Maduka yakaota kwa maelfu, kila kona ya Bangkok taa za kijani. Watu wakaweka akiba zao, wakakodi fremu, wakalima. Alafu Juni 2025 serikali ikageuka, sasa ni kwa cheti cha daktari. Mtalii yeye akisikia hivo anabadilisha tiketi. Aliyekopa afungue duka anabaki na deni na fremu.

Hata Amsterdam wenyewe wamechoka. Toka Mei 2023 kuvuta mtaani katika kile kitovu cha zamani cha mji ni marufuku, na mwaka huohuo mji ukalipia matangazo ya kuwaambia vijana wa Kiingereza wanaokuja kwa ajili ya fujo wasije. Fikiria mji unalipa hela watalii wasije! Nilimsomea bosi hiyo, akanyamaza muda mrefu.

## Cha Arusha

Sasa nisije nikaonekana nawasema wageni kama vile jani limeletwa na wao. Ukienda Dar ukasikia mtu anasema "nipe cha Arusha" hazungumzii kahawa. Jina la mji huo limekuwa jina la kitu hicho, na sote tunajua kinatoka wapi. Kwenye miteremko ya Meru, upande wa Arumeru kule juu. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya walipanda mpaka Kisimiri Juu wakafyeka na kuchoma mashamba, picha tuliziona wote.

Na Kisimiri hiyohiyo ndo sekondari yake iliongoza nchi nzima matokeo ya kidato cha sita 2016. Mimi hili huwa nalirudia kwa watu wa Dar wanapotaja Kisimiri na kucheka.

Shangazi yangu ameolewa Ngarenanyuki, jirani na huko. Tulikwenda kwenye kipaimara cha mjukuu wake, na jioni tukiwa tunaosha vyombo mama mmoja pale, sijui tulifikaje kwenye mada hiyo, akaniambia kuhusu nyanya. Kwamba unalima nyanya, unanunua dawa, unamwagilia, siku ya kuvuna gari halijapanda kwa sababu ya mvua, au limepanda na mnunuzi amejipangia bei, na kreti inaoza mlangoni unaiangalia. Akanyamaza. Alafu akasema kuna mmea hauozi, hauhitaji kreti, na mnunuzi wake anapanda mlima mwenyewe usiku.

Hakusema anaulima. Mi sikuuliza.

Nilirudi Moshi na hilo, na nikakubali kwamba sina jibu moja. Kuna siku naamka nasema serikali ifungue tu, mtu wa Denver analipa kodi kwa kitu ambacho mtu wa Arumeru anafungwa miaka 30, na hii miaka 30 sitii chumvi, soma magazeti, kuna watu wako ndani kwa hukumu hiyo. Ni mmea uleule. Alafu nasoma Lesotho, wa kwanza Afrika kutoa leseni za bangi ya dawa, 2017, na nani alipata leseni? Makampuni yenye mitaji ya nje, maana leseni ni ghali na masharti ni mengi, na yule mkulima mdogo ambaye babu yake alikuwa analima mlimani toka enzi hizo akabaki palepale, kosa lake ni lilelile. Basi siku hiyo nasema hata tukifungua, yule mama wa Ngarenanyuki hatamiliki kitu, atakwenda kuwa kibarua kwenye uzio wa mtu.

Na mwanangu je? Ana miaka kumi na mbili. Nimeona vijana wawili wa mtaani kwetu Rau ambao walianza mapema, kidato cha pili, na shule ikawa ndo basi, mmoja alikuwa anaongea na ukuta. Sisemi kila anayevuta anafika hapo. Nasema nimewaona hao wawili, na mmoja nilimbeba mgongoni alipokuwa mdogo.

Kwa hiyo kama kuna mtu alikuja hapa anataka nimwambie bangi ifunguliwe au isifunguliwe, hapana, sijafika huko. Kuna kitu kidogo zaidi ambacho nina uhakika nacho na hicho ndo kinanikosesha usingizi.

## Mgeni njoo, mwenyeji apone

Tumelelewa na huo msemo. Bibi yangu Kibosho akiona mgeni anateremka njiani anaanza kuuliza kama kuna ndizi za kupika. Na kwenye kazi yetu tumeuchukua tukautia kwenye biashara, mgeni ni mfalme, mgeni hakataliwi, ukimkatalia atakwenda kwa mwingine na mwingine yupo mlango wa pili.

Nimekuwa najiuliza hilo neno apone. Mwenyeji gani alipona siku ile? Hoteli ilipona, walilipwa vyumba vyao. Kampuni ilipona. Mimi nilipona, nilipata mshahara wangu mwisho wa mwezi. Wageni walipona zaidi ya wote, wakaruka. Dogo ndo hakupona, na mama yake, na mtamba.

Na ninachokiona sasa ni kwamba lile swali la "nchi gani inafaa kwenda" linavyoulizwa siku hizi, mtalii anapima hatari yake yeye. Nikikamatwa itakuwaje, nitalipa kiasi gani, watu wa kawaida huwa wanakamatwa? Anasoma maoni ya wenzake, anaona hakuna aliyepata tabu, anasema basi ni salama. Ni salama kwake kwa sababu kuna mtu amesimama katikati. Hakuna mahali ambapo Dogo anaandika maoni.

Mgeni anaweza kuumia pia, sikatai. Kuna ndege inatoka Amsterdam moja kwa moja mpaka KIA, mtu anaweza kuondoka kule asubuhi ana pipi za bangi alizozisahau kwenye mfuko wa begi akaingia usiku nchi ambayo pipi hizo ni kosa kubwa. Wote tulisikia habari za Brittney Griner, mcheza kikapu wa Marekani, Februari 2022 alikutwa na vifaa vya kuvutia vyenye mafuta ya bangi uwanja wa ndege Moscow, akahukumiwa miaka tisa, akatoka Desemba kwa kubadilishana wafungwa. Singapore kusafirisha zaidi ya gramu 500 za bangi ni kunyongwa. Haya wageni wanayajua na wanayaogopa, ndo maana hawabebi. Wanasubiri wafike wamuulize mpagazi.

## Mlimani

Hili nalipitisha haraka ila kiongozi wetu mmoja wa siku nyingi, mzee wangu huyo, nikimwamkia shikamoo anaitikia na kuuliza mtoto kwanza, alinisisitiza nisiliache. Jioni kambini wanapima mapigo ya moyo na oksijeni ya kila mgeni, wanauliza kichwa kinauma, umekula, umetapika. Kambi ya Barafu iko mita 4,673, na kilele ni 5,895. Bangi inapandisha mapigo, inaleta kizunguzungu, inachanganya mawazo. Mlima nao unafanya hayohayo. "Sasa mimi nitajuaje," akaniambia, "kama huyu anayumba kwa jani au ubongo unavimba? Nikikosea la kwanza amekosa kilele. Nikikosea la pili namshusha kwenye machela amekufa."

Na hifadhi ni hifadhi. Nilifurahi kugundua kwamba hata huko kwao Colorado, Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain iko chini ya serikali kuu na sheria ya serikali kuu bado inakataza, kwa hiyo dukani Denver ni ruksa na ukiingia getini mwa hifadhi ni kosa. Hiyo niliwaandikia wale mume na mke. Nadhani iliwafikia kuliko mambo yote niliyoandika kwa sababu ni ya nyumbani kwao.

## Aya moja

Wiki ya tatu nikaamua kuandika aya kwenye ile karatasi tunayowatumia wageni wote kabla hawajalipia, kati ya mambo ya bima na mambo ya tipu. Nimeifuta na kuiandika upya mara sijui ngapi. Ya kwanza ilikuwa kali, kama tangazo la polisi. Ya pili ilikuwa laini mno, mtu angeisoma akaona ni yaleyale ya "ongea na vijana" kwa lugha nzuri. Bosi alitaka tuandike tu "tafadhali heshimu sheria za nchi," basi. Nikamwambia hiyo kila nchi imeandika na kila mgeni ameiruka.

"Tutapoteza wateja," akasema.

Nikasema inawezekana. Alafu nikamwambia kitu ambacho nilitakiwa kumwambia miaka miwili iliyopita, kwamba siku ile Dogo hakujiendea mwenyewe, mimi ndo nilimwelekeza yule mgeni kwa vijana. Nilisimama nikiwa nimeshika mgongo wa kiti. Aliniangalia kwa muda, akasema "mama, kwa nini hukusema," na mimi sikuwa na la kujibu.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Mbuyuni. Mama yake Dogo alikuwa palepale na mikungu yake, akanipa kiti cha ndoo, tukaongea habari za mvua kwanza na habari za watoto, nikamwambia nilichokuja kumwambia. Hakulia na hakunitukana. Aliendelea kupanga ndizi. Baadae akasema kijana yuko gereji ya pikipiki Majengo, nikitaka niende, lakini nisiende mikono mitupu, nimpelekee hizo ndizi.

Nilimkuta na mafuta mpaka kwenye viwiko. Tukakaa kwenye benchi, nikamsomea ile aya kutoka kwenye simu, naigeuza Kiswahili nikiendelea. Inasema adhabu ni zipi. Inasema mlimani kuna hatari gani. Inasema, na hapa ndo nilihangaika zaidi, kwamba ukimuomba mpagazi, mpishi, dereva au mhudumu akutafutie, wewe utaondoka na yeye atabaki, na kwamba imeshatokea, kwa kijana wetu, na ilimgharimu nini.

Alisikiliza yote. Akasema niongeze hela. Kwamba wageni wanaelewa hela. Niandike kwamba aliyemtuma alimpa dola hamsini, na mama yake aliuza ng'ombe.

Nikaiongeza pale pale, ameniangalia nikiandika.

Alafu akauliza, anafuta mikono na kitambaa bila kunitazama, "Dada, sasa na lile jina langu?"

Wale wa Colorado hawakuja. Waliandika vizuri kwamba wamechagua nchi nyingine kwa mwaka huu, na kwamba wanashukuru kwa ile aya, mke aliisoma mara mbili. Kuna mteja mwingine wa Kanada aliyeacha kujibu baada ya kutumiwa karatasi, sijui kama ni kwa ajili hiyo. Na kuna kundi la walimu sita kutoka Ujerumani, ambako tangu Aprili 2024 mtu mzima anaruhusiwa kubeba gramu 25, wao walijibu kwa swali moja tu, kama yule kijana amerudi kazini.

Safari yao inaanza Januari. Listi ya wapagazi nimeifungua jana, mstari wa kumi na nne nimeandika jina lake, nikaituma kwa bosi saa mbili asubuhi. Mpaka naandika hapa alama mbili za bluu zipo, amesoma, hajajibu.